Simba jike mlangoni mwa bani: uchambuzi wa kisa cha banda la video katika kijiji kimoja cha Tabora

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha kusini mwa mkoa wa Tabora. Jina la kijiji, majina ya wahusika na mwaka vimeondolewa, pamoja na mambo mengine ambayo yangemtambulisha mtu. Walengwa ni walimu wa klabu za mazingira, watendaji wa vijiji, askari wa wanyamapori wa vijiji na wenye mabanda ya video. Wanne hawa ni nadra kukaa meza moja, na hapa walilazimika kukaa.

Usuli

Kijiji kinaishi kwa tumbaku, mahindi, ng'ombe na asali. Upande wa magharibi msitu wa miombo unaendelea hadi bonde la mto Ugalla, ambako pori la akiba la zamani lilipandishwa hadhi mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Simba wapo huko. Warina asali wanaokaa porini wiki nzima wanajua njia zao, wanajua wanapokunywa maji, na hawana haja ya kuambiwa na mtu.

Lakini warina asali ni wachache. Wakazi wengi walihamia na mifugo yao kutoka Shinyanga, na kila msimu wa tumbaku huja vibarua kutoka Kigoma. Watoto waliozaliwa hapo hapo wanakwenda shule kupitia njia zenye mashamba pande zote mbili. Kwa wote hao simba ni mnyama wa kwenye picha. Yuko kwenye jezi ya Simba SC, klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 na kupewa jina hilo mwaka 1971, na kila mwanachama wake anajiita Mnyama. Yuko kwenye ubavu wa basi liendalo mjini, mdomo wazi, meno nje. Ndugu yake wa Asia, chui milia, yuko kwenye blanketi lile nene ambalo kila bibi harusi anatarajia kupewa. Na wote wawili wako kwenye banda la video.

Banda lenyewe ni la mabati na turubai, lina benchi za mbao, televisheni moja, spika mbili kubwa na genereta. Kiingilio ni shilingi mia tatu, watoto mia. Filamu nyingi zinazoonyeshwa ni zile zilizokwisha kutafsiriwa, lakini Jumamosi huwa ni siku ya mtafsiri wa hapo hapo, kijana aliyesoma hadi kidato cha nne, mwenye sauti nzito na maiki. Hatafsiri neno kwa neno. Anamtambulisha stelingi, anamwonyesha adui, anaonya kabla hatari haijafika, anamkaripia mjinga anayeingia pangoni peke yake. Mzee mmoja aliniambia kwamba akiangalia picha bila kijana yule anaona watu wanakimbia tu. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha kisa chote.

Filamu iliyopendwa zaidi ilikuwa ile ya mwaka 1996 kuhusu simba wawili wala watu wa Tsavo. Inatokana na mambo yaliyotokea kweli Kenya mwaka 1898, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa na simba wawili wakawa wanawachukua vibarua usiku kutoka kwenye mahema yao. Mhandisi wa daraja, John Henry Patterson, aliwaua wote wawili. Baadaye alidai kwamba walikula watu 135, lakini utafiti wa mwaka 2009 uliopima kemikali kwenye mabaki yao ulikadiria watu wapatao 35. Ngozi zao aliziuza mwaka 1924 kwa makumbusho ya Field, Chicago, na hadi leo wamesimamishwa pale. Jambo moja ni la muhimu sana kwa kisa hiki: simba wale wa kweli, ingawa walikuwa madume, hawakuwa na manyoya ya shingoni. Waliowekwa kwenye filamu wanayo, mengi na ya kupendeza.

Kilichotokea

Ilikuwa Machi. Mahindi yalikuwa yanakomaa na nguruwe pori walikuwa wanaingia mashambani kila usiku, kwa hiyo wanaume walilala kwenye madungu. Wengine walilala kwenye mabani, yaani nyumba za kukaushia tumbaku kwa moto, kwa sababu tumbaku ikishaingizwa kukaushwa moto hauachwi uzimike.

Wa kwanza kuona alikuwa kibarua aliyekuwa akichochea moto. Maelezo yake niliyasikia mwenyewe baadaye, na kila alipoyarudia yalikuwa yale yale: mnyama wa rangi ya majani makavu, mrefu wa mwili, shingo tupu, alipita kati ya rundo la kuni na ukuta wa bani. Alisimama. Akamtazama. Kisha akaendelea zake bila kutoa sauti yoyote, na kibarua alisikia tu kuni moja ikiteleza kutoka kwenye rundo. Asubuhi aliwaeleza wenzake. Walimuuliza kama alikuwa na manyoya shingoni, akasema hana. Walimuuliza kama alinguruma, akasema hapana. Wakakubaliana kwamba alikuwa fisi, au jibwa la wafugaji.

Jioni ya pili mvulana wa darasa la tano aliyekuwa akirudi kutoka dukani alimulika tochi kwenye nyasi ndefu kando ya njia, akaona mwili mkubwa wenye mistari myeusi. Alikimbia hadi nyumbani akipiga kelele kwamba ni chui milia. Alikuwa amemwona kwenye filamu wiki hiyo hiyo. Kivuli cha nyasi ndefu juu ya ngozi ya rangi ya kahawia, tochi ikitikisika mkononi mwa mtoto: mistari haikosekani. Kufikia saa mbili usiku habari ilikuwa imeenea kitongoji kizima.

Mtendaji wa kijiji alifanya kazi yake. Alikusanya maelezo yote mawili, akatuma ujumbe wilayani: mnyama mkubwa, ana mistari, hana manyoya, hanguruma. Jibu aliloletewa lilisema kwamba chui milia hawapo Afrika, na kwamba wananchi waache kutishana kwa mambo ya kwenye video. Sehemu ya kwanza ya jibu ni kweli tupu. Chui milia wa porini wanaishi Asia peke yake, kuanzia India hadi mashariki ya mbali ya Urusi, na makadirio ya mwaka 2022 yaliwaweka kati ya 3,726 na 5,578. Lakini mnyama alikuwepo, na kwa kuwa jina lilikuwa la uongo, mnyama naye akahesabiwa uongo.

Siku chache baadaye ndama alichukuliwa kutoka kwenye zizi la miiba lililokuwa limelegea upande mmoja. Usiku uliofuata mlinzi wa shamba alishuka kutoka dunguni kuwafukuza nguruwe. Alisema aliwasikia wakikoroma, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Aliinua tochi akaona macho mawili, chini sana kuliko alivyotarajia, karibu sawa na matuta. Akageuka akakimbia. Hakufukuzwa. Alikanyaga pembeni mwa shimo la udongo wa matofali akatumbukia, akavunjika mkono.

Asubuhi askari wa wanyamapori wa kijiji alikagua udongo uliolowa. Alama ilikuwa na vidole vinne na kisigino kipana, wala hakukuwa na kucha mbele ya vidole. Fisi na mbwa huacha alama za kucha. Paka wakubwa huzificha wanapotembea. Mita chache mbele palikuwa na damu na manyoya magumu ya nguruwe pori. Simba jike alikuwa amekuja kuwinda nguruwe, na alipata mmoja.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Mkutano uliitishwa chini ya miembe. Walikuwepo mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, kamanda wa sungusungu, askari wa wanyamapori, mwalimu wa klabu ya mazingira na mwenye banda, ambaye aliitwa kama mshtakiwa. Wazee kadhaa walitaka banda lifungwe. Vijana walitaka msako. Katika jamii ya Wasukuma, anayeua simba aliyesumbua mifugo amekuwa akizungushwa kaya kwa kaya akicheza na kupewa zawadi, mara nyingine ng'ombe. Kwa kijana asiye na mifugo hilo si jambo dogo.

Msako ulikataliwa, na hoja iliyowazuia haikuwa ya sheria peke yake. Ni kweli kwamba kumfuata mnyama porini bila kibali ni ujangili. Lakini kamanda wa sungusungu alisema jambo lililowagusa zaidi: simba aliyejeruhiwa kwa mkuki akaachwa hai atashindwa kukimbiza nguruwe, na atatafuta kisichokimbia. Waliamua zizi lizungushiwe miiba upya, walinzi wakae wawili wawili, na picha ya alama itumwe wilayani badala ya maneno. Picha ilipofika, maafisa walikuja.

Kuhusu banda, mwalimu ndiye aliyepinga kufungwa. Hoja yake ilikuwa kwamba alishafundisha darasani kuwa simba jike hana manyoya ya shingoni, wanafunzi wakaandika kwenye madaftari, na baba zao hawakuwahi kuyafungua. Mahali pekee ambapo baba, mtoto, kibarua na mfugaji hukaa kimya wakisikiliza sauti moja ni bandani. Akaomba jioni kadhaa za Jumamosi, na mwenye banda, akiwa amekaliwa kooni, alikubali.

Usiku wa kwanza waliamua kuanza na filamu ya Tsavo. Walitaka watu wengi, na hakuna filamu iliyojaza banda kama ile. Mpango ulikuwa mwalimu aeleze ukweli baada ya filamu. Watu walijaa hadi nje. Mtafsiri alifanya kazi yake kwa ufundi wote, na ndiyo shida: filamu ile imejengwa ili mtazamaji asipumue mpaka simba afe, na sauti ya kijana iliwabeba watu hadi hapo. Simba wa pili alipoanguka, banda lililipuka kwa vigelegele na miluzi. Mwalimu aliposimama kueleza, nusu walikuwa wameshatoka. Kesho yake alfajiri kundi la vijana wenye mikuki na mbwa lilielekea msituni. Kamanda aliwapata kwenye kivuko cha kijito na kuwarudisha, na ilimbidi abaki pale hadi jua likachomoza sawasawa.

Jumamosi iliyofuata walibadili karibu kila kitu. Mwalimu alileta vipande vifupi vya simba wa kweli wakiwinda, na akampa mtafsiri kazi ya kuvisema yeye mwenyewe. Walikaa pamoja mchana, mwalimu na askari wakimweleza kila anachokiona, naye akiuliza maswali makali. Kwa nini masikio yamelala? Kwa nini wa pili anazunguka kule? Ameshiba au ana njaa? Kufikia jioni alikuwa anajua kipande kile kuliko filamu yoyote.

Kisha wakafanya jambo ambalo ndilo bora zaidi katika kisa chote. Walianza kwa kuzima picha na kuacha sauti. Ngurumo ya nembo yenye simba ya MGM, kampuni ya filamu ya Marekani, ikajaa banda, na mtafsiri akauliza: nani huyu? Watu wote: simba! Akawaambia sivyo. Mark Mangini, mtaalamu wa sauti aliyeitengeneza upya ngurumo hiyo ya MGM katika miaka ya 1980, alieleza kwamba alitumia sauti za chui milia, kwa kuwa zinatisha zaidi. Katika katuni maarufu ya mwaka 1994 ya mtoto wa mfalme simba, ngurumo nyingi alizitoa mwanadamu, Frank Welker, akinguruma ndani ya pipa la chuma. Banda lilicheka, kisha likakaa kimya, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa dhahiri: basi simba wa kweli analiaje anapokuja?

Hapo wakarudisha picha na kuzima sauti. Hakuna muziki wala ngurumo. Simba jike alishusha mabega, tumbo likakaribia ardhi, kichwa kikawa sawa na mgongo, akasogeza mguu mmoja mbele na kuusimamisha hewani. Mtafsiri hakusema neno kwa muda mrefu. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo watu wale hawakuwahi kuisikia kutoka kwake: "Ndivyo anavyokuja. Umesikia kitu?" Yule mlinzi aliyevunjika mkono alikuwa amekaa benchi ya mbele. Alisema kwa nguvu, bila kuulizwa, kwamba macho aliyoyaona yalikuwa chini vilevile.

Matokeo

Katika wiki zilizofuata taarifa zilizomfikia mtendaji zilibadilika sura. Watu walitaja ukubwa, upande aliotoka, alikokwenda, na kama kulikuwa na nguruwe karibu. Baadhi walipiga picha za alama wakiweka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane. Mnyama aliripotiwa mara nyingine kadhaa, kisha mahindi yalipovunwa na nguruwe kupungua, hakuonekana tena. Hakuna aliyeuawa, mtu wala simba. Siwezi kusema banda ndilo lililomwokoa simba yule; mavuno yalikuwa na sehemu yake, na kamanda wa sungusungu sehemu kubwa zaidi.

Walinzi walibadili ratiba. Watafiti waliochambua mashambulizi ya simba nchini na kuchapisha mwaka 2011 waligundua kwamba hatari hupanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale saa za mwanzo za usiku zinapokuwa giza huku watu bado wanatembea. Mwalimu alilieleza hilo kwa kalenda ya ukutani, na walinzi wakaanza kupanda dunguni kabla ya magharibi katika siku hizo.

Mwenye banda alipata hasara. Watoto waliingia bure usiku wa vipande, na hakuna aliyemrudishia mafuta ya genereta. Alilalamika kwa haki.

Uchambuzi

Kila mtu kijijini, mimi pamoja nao, alidhani mwanzoni kwamba kosa kubwa lilikuwa chui milia. Lilikuwa ndilo linalochekesha, na ndilo afisa alilolisahihisha. Ukilipima kwa madhara, ni dogo. Mtoto aliyemwita mnyama chui milia alikimbia nyumbani, akasema ukweli kwamba kuna paka mkubwa kando ya njia, na alikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa mistari. Tena hana sababu ya kuona aibu. Edgar Rice Burroughs, Mmarekani aliyemtunga Tarzan, aliweka chui milia katika msitu wa Afrika hadithi hiyo ilipotoka mara ya kwanza jaridani mwaka 1912, na ilibidi ambadilishe kuwa simba jike kilipochapishwa kitabu. Dunia nzima imezoea kuwachanganya wanyama hawa wawili kwa sababu sinema imewachanganya miaka mingi.

Kosa la hatari ni lile ambalo hakuna aliyelisahihisha kwa sababu hakuna aliyeliona. Watu wazima, wenye akili timamu, walimsikiliza kibarua aliyesimama hatua chache kutoka kwa simba, wakamwambia hakuwa simba. Vigezo vyao vilikuwa viwili, manyoya na ngurumo, na vyote viwili vimetoka kwenye kioo cha televisheni. Jike hana manyoya, na majike ndiyo hufanya sehemu kubwa ya uwindaji. Hata madume wengine hawana, kama wale wa Tsavo. Ngurumo ya simba husikika hadi kilomita nane na ni ya kutangaza eneo na kuitana. Anayewinda hanyanyui sauti. Mlinzi aliyevunjika mkono alishuka dunguni kwa ujasiri kwa sababu hakusikia ngurumo yoyote. Ukimya ambao kwa mrina asali ni onyo, kwake ulikuwa ruhusa.

Kuna kosa la tatu, na hilo ndilo lililochochea mikuki: imani kwamba simba anakuja kwa ajili ya watu, ana chuki, ana kisasi. Filamu haiwezi kusimama bila adui. Simba wa shambani alikuwa anafuata nguruwe pori. Hili limeandikwa vizuri kwa nchi yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliripoti watu zaidi ya 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, wengi wao kusini na pwani, na ukaonyesha kwamba mashambulizi huongezeka wakati wa mavuno, pale nguruwe pori wanapowaleta simba mashambani na wakulima kulala huko kuwafukuza. Ukimwelewa hivyo, hatua ya kwanza ni kushughulika na nguruwe na madungu. Ukimwelewa kama adui wa filamu, hatua ya kwanza ni mkuki.

Uamuzi wa kutumia filamu ya Tsavo usiku wa kwanza ulishindwa kwa sababu hiyo hiyo. Waandaaji waliiona filamu kama chambo na maelezo ya mwalimu kama somo. Kwa mtazamaji, somo ni filamu. Kinachobaki kichwani ni kile alichokihisi moyo ukidunda, na dakika kumi za mwalimu baada ya hapo haziwezi kukitoa, hasa watu wakiwa wanatafuta kandambili zao mlangoni. Nashauri kwa nguvu zote: kijiji ambacho kina simba karibu kisionyeshwe filamu ya simba mla watu katika msimu wa mavuno, hata kwa nia njema.

Kilichofaulu ni mtafsiri. Maneno aliyoyasema usiku wa pili mwalimu alikuwa ameshayasema shuleni na askari ameshayasema kwenye mikutano. Tofauti ni kwamba mtafsiri ndiye aliyewafundisha watu wale jinsi ya kuangalia picha. Walimwamini aliposema nani stelingi, wakamwamini aliposema "mwangalie mabega". Na waandaaji walimheshimu: walimpa muda wa kujifunza, wakamwacha aulize, wakamwacha anyamaze. Miradi mingi huwapa watu kama yeye karatasi ya kusoma, na karatasi husikika. Hapa alikuwa ameelewa, na hilo nalo lilisikika. Baadaye alianza kuingiza maelezo yake hata kwenye filamu za kawaida. Chui milia akitokea msituni kwenye filamu ya Kihindi anasema "huyu wa huko kwao", na katika filamu ya mwaka 2012 ya kijana aliyekwama baharini na chui milia huwaeleza watoto kwamba sehemu kubwa ya mnyama yule imetengenezwa na kompyuta, maana hakuna anayeweza kukaa na chui milia kwenye mtumbwi. Ana sababu ya kulisisitiza hilo. Katika filamu moja ya Marekani ya mwaka 1981 iliyotumia simba wengi wa kweli, watu wapatao 70 waliumizwa wakati wa upigaji picha, na wanyama wale walikuwa wamelelewa mikononi mwa watu.

Upungufu mkubwa ulikuwa kuhusu waliofikiwa. Banda usiku ni mahali pa wanaume na wavulana. Wanawake wanaokwenda kisimani kabla ya jua kuchomoza hawakuwepo, na watoto wanaochunga, ambao ndio huwa karibu zaidi na simba kuliko mtu yeyote, walikuwa wameshalala kwa uchovu. Waandaaji walilitambua hili katikati, wakapanga onyesho la mchana siku ya gulio, lakini jua lilikuwa kali na picha haikuonekana vizuri kwenye kioo. Ingewezekana kupeleka sauti peke yake, kwa kuwa zoezi la kuzima picha halihitaji televisheni. Hakuna aliyelifikiria wakati ule, na ni rahisi kulijaribu: spika, simu na mtafsiri, kisimani au kwenye majosho ya ng'ombe.

Jambo jingine liligunduliwa na watazamaji wenyewe. Vipande vyote vya simba wa kweli vilikuwa vimepigwa kwenye mbuga za wazi za Serengeti, nyasi fupi, mwanga wa kutosha, mnyama anaonekana kuanzia kichwani hadi mkiani. Mrina asali mmoja mzee aliangalia hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna picha ya simba kwenye miombo, akiwa nyuma ya kichuguu, nyasi zikiwa zimefika kifuani. Hakukuwa nayo. Simba ambaye watu wa Tabora wanaweza kukutana naye haonekani kwenye kioo hata pale kioo kinaposema kweli. Mwalimu na askari wameomba kamera ya kuwekwa kwenye mti kando ya njia ya wanyama, ili kipande cha msimu ujao kitoke kwenye msitu wao wenyewe, na mzee yule amekubali kuonyesha mti upi.